Wafiwa Mbele ya Mchunguzi wa Vifo: Kisarawe na Kibaha tangu Zama za Wajerumani

Mchungaji yeyote aliyehudumu katika Uzaramo anaijua saa ile ambapo kaburi limekwisha kuchimbwa, watani wamekwisha kufika, na mwili haupo. Umo katika chumba cha maiti, na ruhusa ya kuzika haijatolewa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa njia ya historia jinsi saa hiyo ilivyoingia katika misiba yetu, na ni nani aliyekaa na wafiwa wakati wakingoja. Kwa maoni ya mwandishi, dola ilileta uchunguzi wa vifo bila kuleta pamoja nao mtu wa kuwaelezea wafiwa linalotendeka.

Yafaa ikumbukwe kwamba Wazaramo hawakungoja serikali ndipo wajue kuuliza kuhusu kifo. Marja-Liisa Swantz, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya ibada na ishara za Wazaramo, ameonyesha jinsi msiba ulivyokuwa na mpangilio wake. Naye Lloyd Swantz, mmisionari wa Kilutheri, alitoa mwaka 1990 utafiti wake juu ya waganga wa Kizaramo wa Dar es Salaam. Watani walifanya kazi nzito za mazishi, wakatania hata mbele ya maiti, wakadai malipo yao, na kwa mizaha hiyo wakawavuta wafiwa warudi kwa walio hai. Mganga aliulizwa sababu ya kifo. Majibu yake mara nyingi yaliumiza, kwa kuwa yalimwelekezea jirani kidole. Hilo hatuna budi kulikiri. Hata hivyo wafiwa walijua wamwendee nani, na walirudi nyumbani na jibu.

Wamisionari wa Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887. Greiner alianzisha kituo cha Kisarawe mwaka 1892, na Maneromango ikafuata mwaka 1895. Miaka kumi baadaye Vita vya Maji Maji viliifikia nchi hiyo. Kibasila, jumbe wa Kisangire, alinyongwa na Wajerumani. Hapo ndipo wazee wengi wa Uzaramo walipoiona serikali ikishughulika na kifo kwa mara ya kwanza, na haikuja kuuliza marehemu alikufaje. Tusishangae basi ikiwa mjukuu wao anamwogopa askari anayefika msibani na daftari.

Waingereza, walipoitawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuja na utaratibu wao wa nyumbani. Kazi ya mchunguzi wa vifo ilianza Uingereza mwaka 1194, na wa kwanza kuishika waliwekwa hasa ili kulinda mapato ya mfalme. Kifo cha ghafla kiliweza kuleta faini au mali katika hazina. Machozi ya mjane hayakuhesabiwa katika kazi hiyo. Mwaka 1928 ikaja pia Sheria ya Uchawi, iliyofanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Kwa hiyo mlango mmoja wa kuulizia ulifungwa na mwingine ukafunguliwa, lakini huo wa pili ulikuwa mahakamani, katika lugha ya kigeni. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 iliendeleza utaratibu huo katika taifa huru. Kifo cha ghafla, cha kikatili, au cha mtu aliye mahabusu chapaswa kuulizwa: ni nani aliyekufa, lini, wapi, na kwa sababu gani. Kazi hiyo ni ya mchunguzi, ambaye kwa kawaida ni hakimu, pamoja na polisi na daktari. Afisa ustawi wa jamii si mmoja wa hao watatu.

Kibaha ina historia yake. Mradi wa nchi za Nordiki ulioanzishwa huko mwaka 1963 ulikuwa na shule, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya, ukakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Kituo hicho cha afya kilikua hata kuwa Hospitali ya Tumbi, na kwa kuwa iko kando ya barabara ya Morogoro, imepokea wengi walioumia na waliokufa katika ajali za magari. Marehemu wa ajali mara nyingi ni msafiri. Jamaa zake wako mbali, nao hufika kwa basi wakiwa hawajui hata waanzie dirisha gani. Mwaka 1973 kilianzishwa chuo cha taifa cha ustawi wa jamii Dar es Salaam, na waliohitimu wakapelekwa wilayani na hospitalini. Hao ndio ambao, pasipo sheria kuwaagiza, wamewatafutia jamaa usafiri, wamewaombea nafuu ya gharama, na wamewaeleza wajane kwamba bila cheti cha kifo mirathi haitafunguliwa. Lakini wao ni wachache, nao wanadaiwa pia kesi za watoto na ndoa.

Uingereza kwenyewe, palipozaliwa kazi hiyo, ni mwaka 2003 tu ndipo palipoanzishwa huduma ya watu wa kujitolea wanaokaa na wafiwa katika mahakama za wachunguzi wa vifo. Miaka mia nane ilikuwa imepita.

Mwandishi alipata kukaa na mama mjane katika benchi la hospitali moja tangu asubuhi hadi alasiri. Mwanawe alikuwa amekufa ajalini. Karani alisema, "Msubirini daktari." Askari alisema, "Lisubirini jalada." Hakuna aliyemwambia kwamba mwili ungepasuliwa, wala mimi sikumwambia, maana sikujua. Walioujua mshono ule walikuwa ndugu wa kiume waliouosha mwili, nao walinyamaza hadi baada ya maziko. Kisha maneno yakaanza kijijini kwamba viungo vya kijana vimechukuliwa, na ukoo ukagawanyika kati ya waliotaka kwenda kituoni na waliotaka kwenda kwa mganga.

Nilimtembelea siku ya arobaini. Hakuniomba sala kwanza. Aliniuliza, "Baba Mchungaji, yule daktari aliandika nini?" Karatasi ilikuwa ndani ya jalada, na jalada lilikuwa kituoni. Tulikwenda pamoja Jumatatu iliyofuata.