Picha za Pori: Nchi ya Kibondo na Kasulu Mbele ya Kamera



Mtu aliyepata kusimama alfajiri juu ya vilima vya Kasulu, baada ya mvua ya usiku, hana haja ya kuambiwa kwa nini watu hubeba kamera wakapanda milimani. Mabondeni ukungu umelala mweupe, na vichwa vya vilima vimetokeza juu yake mfano wa visiwa baharini. Upande wa magharibi nchi hushuka kuelekea Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, hali vilima vya Uha kwingi vyapita mita 1,500. Na upande wa mashariki, ukitoka Kibondo, ardhi huteremka polepole hata ikaingia katika miombo na mabwawa makubwa ya mito ya Malagarasi na Muyovozi. Macho hayashibi kutazama. Moyo nao hutamani kuondoka na kitu, japo kipande cha karatasi, ili kuwaonyesha walio mbali.

Basi leo nataka tuzungumze habari za picha hizo za nchi na pori: jinsi zilivyoanza, ustadi wake ulivyo, na jambo moja ambalo yampasa kila mwenye kuzipenda alijue. Picha ni kama shahidi barazani. Husema kweli ya kile alichokiona, lakini asiloulizwa halisemi.

Hapo mwanzo kupiga picha katika safari za bara kulikuwa taabu kubwa. Kioo kilipakwa dawa, kikatiwa ndani ya kamera kingali majimaji, kisha kikasafishwa papo hapo katika hema lenye giza kabla hakijakauka. Fikirini kazi hiyo chini ya jua la Afrika, katika hema lisiloingiza hewa, na maji ya kusafishia ni ya kidimbwi! Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyefuatana na John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chimbuko la Nili, alipiga picha kwa kamera mjini Unguja. Lakini kazi hiyo hakuweza kuendelea nayo safarini, akashika kalamu ya risasi na rangi za maji. Kwa hiyo sura nyingi za nchi za ndani ambazo watu wa Ulaya walizitazama miaka ile zilipita kwanza katika mkono wa mchoraji, na mkono wa mchoraji huongeza na kupunguza.

Nchi ya Uha nayo ilikawia kuonekana. Mwezi wa Novemba mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita kusini mwake akienda Ujiji kumtafuta Dakta Livingstone. Watawala wa Waha walimtoza hongo, kama ilivyokuwa desturi kwa misafara yote, naye alipoona nguo zake zinakwisha, akaiacha njia kuu na kuondoka usiku kwa siri, akiwakataza watu wake wasipige kelele. Tazameni jambo hili: msafiri ambaye kitabu chake cha mwaka 1872 kilisomwa kote duniani, sehemu ya Uha aliipita gizani. Picha za kitabu chake zilikuwa za kuchorwa.

Mwaka ule ule wa 1871 yalitokea mambo mawili mbali sana na hapa, nayo yote yahusu habari yetu. La kwanza lilitokea Uingereza, ambako daktari mmoja, Richard Leach Maddox, alitangaza njia ya kutengeneza vioo vikavu, ambavyo vyaweza kuchukuliwa safarini na kusafishwa baadaye. Kutoka hapo mzigo wa mpiga picha ulizidi kupungua, hata mwaka 1888 George Eastman wa Marekani akauza kamera yake ya Kodak, iliyokuwa na ukanda wa picha mia moja ndani yake. Kamera ikawa chombo cha kushikwa mkononi.

La pili lilitokea Marekani. William Henry Jackson alifuatana na wapima nchi katika bonde la Yellowstone, akapiga picha za chemchemi za moto na maporomoko ya maji. Picha zile zilionyeshwa kwa wabunge, nazo zilisaidia kuwashawishi, na mwaka 1872 sheria ikapitishwa ya kuifanya nchi ile kuwa hifadhi ya taifa. Hilo lilikuwa jema kwa wanyama na misitu. Lakini waliozitazama picha zile waliona nchi tupu, hali ndani yake waliishi Wahindi Wekundu wa kabila la Washoshoni, na wengine walikuwa wakipita humo kuwinda tangu zamani. Baada ya miaka michache waliokuwa wakiishi humo waliondolewa. Picha haikusema uongo. Kamera ilielekezwa penye maji na miamba, na hakuna aliyeiuliza habari za watu.

Katika nchi yetu, zama za Wadachi ziliwaleta wapiga picha wenye ustadi. Mmoja wao ni Walther Dobbertin, aliyefanya kazi hiyo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita vyenyewe, na picha zake nyingi zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Ujerumani. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka siku hizo mtu mwenye kamera aliweza kufika ziwani bila kwenda kwa miguu miezi mitatu. Lakini Kasulu na Kibondo ziko kaskazini, mbali na reli, na aliyezitaka ilimpasa kupanda.

Sasa na tuseme kidogo juu ya ustadi wenyewe. Katika nyanda hizi za juu adui wa mpiga picha ni moshi. Wakati wa kiangazi, nyasi zikichomwa, mbingu huwa kama maji ya majivu, na kilima kilicho mbali hupotea. Mvua za kwanza zikinyesha, vumbi na moshi huoshwa, na siku mbili tatu baadaye waweza kuhesabu mabonde. Tena saa sita mchana si wakati wa kazi: jua la utosini huondoa vivuli, na nchi ya vilima bila vivuli huonekana bapa kama mkeka. Mwenye kujua hungoja asubuhi au jioni, mwanga ulalapo ubavuni, ndipo kila mkunjo wa ardhi utokezapo. Tena hutafuta kitu cha karibu, mti au jiwe au mtu anayepita njiani, kwa kuwa pasipo kitu cha karibu jicho halina kipimo cha umbali. Subira ndiyo fundi mkubwa. Picha moja njema yaweza kugharimu asubuhi kumi.

Lakini ustadi huo huo ndio wenye mtego. Kila picha ina ukingo, na mpiga picha ndiye achaguaye kitakachokuwa ndani na kitakachobaki nje. Apendaye pori hungoja hata mpita njia ameondoka. Husogea hatua tatu ili paa la nyumba lisionekane. Kisha huandika chini ya picha kwamba nchi hii haijapata kuguswa na mtu. Hapo ndipo twafika kwenye jambo lenyewe, kwa maana katika nchi ya Kibondo maneno hayo aghalabu si kweli.

Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi mno katika Afrika ya Mashariki, na baada yake zikafuata njaa na magonjwa ya watu. Wataalamu wawili, John Ford katika kitabu chake cha mwaka 1971 na Helge Kjekshus katika chake cha mwaka 1977, walieleza kwamba mahali watu na mifugo walipopungua, vichaka vilirudi, na pamoja na vichaka wakaja mbung'o waletao malale. Kisha katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza, ikipigana na malale, iliwahamisha watu wengi wa upande wa Kibondo kutoka makao yao yaliyotawanyika, ikawakusanya katika makazi yaliyofyekwa vichaka. Njia hiyo ilikuwa imekwisha tumika kwingineko Tanganyika tangu miaka ya 1920. Wengi waliokolewa na ugonjwa. Lakini mashamba waliyoyaacha yaligeuka pori. Tena mwaka 1972, katika Operesheni Kigoma, watu walihamishwa mara nyingine kwenda vijiji vya ujamaa, na makao mengine yakaachwa.

Kwa hiyo mtembezi wa porini akikuta mivumu imesimama kwa duara, au kipande cha chungu, au jiwe la kusagia lililolika katikati, na asimame kidogo. Palikuwa na mji hapo. Mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi yalitiwa mwaka 2000 katika orodha ya dunia ya maeneo ya majimaji yenye thamani kuu, yakiwa ya kwanza nchini Tanzania, nayo yastahili heshima hiyo kwa ndege na wanyama wake. Lakini sifa hiyo isitufanye tusahau wavuvi, warina asali na wakulima wa pembezoni mwake, ambao nao wana kumbukumbu na haki zao.

Liko na kosa la upande wa pili. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa mwezi wa Oktoba 1993, wakimbizi wengi walivuka mpaka. Kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo, na mwaka 2015 kambi ya Nduta upande wa Kibondo ikafunguliwa tena kwa Warundi. Picha zikaenea duniani: mahema, foleni za maji, watoto katika vumbi. Zilikuwa za kweli, na zilileta msaada. Hata hivyo, mtu wa mbali aliyezijua Kibondo na Kasulu kwa picha hizo tu hakujua kwamba nyuma ya mahema kuna vilima vya kijani, migomba na kahawa. Huyu aliona watu bila nchi, kama yule wa kwanza alivyoona nchi bila watu.

Je, picha za pori zina faida gani basi? Zina faida kubwa, zikiulizwa vema. Chini ya nyanda hizi, kando ya ziwa, iko Gombe, iliyokuwa hifadhi ya wanyama tangu 1943 na hifadhi ya taifa tangu 1968. Jane Goodall alifika huko mwaka 1960 kuchunguza sokwe, na Hugo van Lawick akafika mwaka 1962 kuwapiga picha, nazo zikaifanya Gombe ijulikane ulimwenguni. Lakini picha zilizofundisha jambo zito zaidi ni zile zilizopigwa kutoka angani kwa setilaiti, ya mwaka 1972 na ya mwaka 1999. Zilipowekwa sambamba, watu waliona wazi kwamba ndani ya hifadhi miti ilibaki, na nje yake misitu mingi ya milimani ilikwisha. Picha moja hupendeza. Mbili za mahali pamoja, zenye miaka kati yake, ni historia.

Wasikilizaji wangu, hasa ninyi vijana wa Uha ambao leo mna kamera mifukoni, shikeni mambo machache. Mkipiga picha ya nchi, andikeni jina la kilima kama wenyeji wakiitavyo kwa Kiha, na mwezi, na mwaka, na upande mlikoelekea. Mwonyesheni mzee wa mahali pale picha hiyo, mwulizeni nani alikaa hapo na kwa nini aliondoka, mwandike jibu lake. Kisha, Mungu akiwajalia uhai, baada ya miaka kumi rudini mkasimame juu ya jiwe lile lile.

Ukungu wa Kasulu utakuwapo, na uzuri wake utawavuta kama ulivyowavuta waliotangulia. Lakini jina na habari za aliyelima chini ya ukungu ule, msipoziandika ninyi, hakuna kamera itakayozijua. Kwaherini.