Ubunifu wa Mavazi na Mafunzo ya Kanga

Katika zama hizi vijana wengi, wake kwa waume, hupenda kuitwa wabunifu wa mavazi. Akiulizwa mmoja wao kazi hiyo yataka nini, aghalabu atajibu kuwa yataka kipaji cha kuchora, cherehani nzuri, na mtaji wa kununulia vitambaa. Jawabu hilo si la uongo, ila ni nusu ya jawabu. Mtu aweza kuwa navyo vyote vitatu, akabuni nguo ya kupendeza macho, nayo ikakaa dukani mpaka ikaliwa na mende. Kilichopungua hapo hakionekani juu ya meza ya fundi. Kiko kwa mvaaji: katika mwili wake, kazi yake, mfuko wake, heshima yake na maneno yake. Insha hii yakusudia kulithibitisha jambo hilo kwa historia ya vazi lililo karibu nasi kuliko mengi, yaani kanga, ambayo watu wa Mombasa na jirani zake huiita leso.

Kabla ya kanga palikuwa na merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said na serikali ya Marekani walifanya mkataba wa biashara, na merikebu za Salem, mji ulio katika jimbo la Massachusetts, zikawa zinaleta Unguja nguo nzito ya pamba isiyopaushwa. Nguo hiyo ilipendwa hata ikachukua jina la nchi ilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopiganwa Marekani, kati ya 1861 na 1865, pamba iliadimika na merikani ikapungua. Wenye viwanda wa nchi nyingine wakaona mlango umefunguka. Lakini mlango huo ulikuwa na bawabu. Mnunuzi wa pwani na wa bara aliishika nguo, akaipima uzito kwa mkono, akatazama upana wake na nyuzi zake, na kama haikuwa sawa na ile aliyoizoea, aliikataa au aliishusha bei. Viwanda vya Bombay vilipata soko kwa sababu vilikubali kuiga alichokitaka mnunuzi.

Hali ilikuwa hiyo hiyo katika misafara. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipokuwa Unguja akijitayarisha kwenda kumtafuta Livingstone, ilimpasa kwanza awaulize wafanya biashara wenyeji ni nguo gani na ushanga gani vinavyokubaliwa katika kila nchi atakayoipita, maana ushanga uliokuwa mali katika nchi moja ulikuwa takataka katika nchi ya pili. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha mwaka 2008, ameeleza kwa urefu jinsi hiari za wanunuzi wa Afrika ya Mashariki zilivyoongoza kazi ya viwanda vya mbali. Basi wale wanaodhani kuwa mitindo ya mavazi ni jambo lililoletwa kwetu juzi na magazeti ya Ulaya, wajue kuwa babu na bibi zetu walikuwa mahakimu wakali wa nguo muda mrefu kabla ya magazeti hayo kufika.

Katika soko hilo la watu wateuzi ndimo ilimozaliwa kanga. Masimulizi ya pwani husema kuwa wanawake walinunua leso za mkononi zilizouzwa zikiwa zimeungana katika jora, wakakata vipande sita, wakashona vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana ya kujitanda. Neno leso lenyewe lina asili ya Kireno. Jina la kanga nalo huelezwa kuwa lilitokana na madoa meupe ya nguo za awali, yaliyofanana na manyoya ya ndege kanga. Wafanya biashara walipoona kina mama wanavyoshona, waliagiza nguo iliyochapwa nzima nzima, isiyo na mshono katikati. Tukiyafuata masimulizi haya, wabunifu wa kwanza wa kanga hawakuwa na karatasi wala penseli. Walikuwa wanawake waliojua haja yao, wakaitimiza kwa sindano, na kiwanda kikawafuata nyuma.

Haja hiyo haikuwa ya kusitiri mwili tu. Katika karne ya 19 mavazi ya pwani yalitangaza cheo cha mtu. Mtumwa mwanamke aghalabu alivaa kaniki, nguo nyeusi au ya buluu iliyokoza, isiyo na nakshi, na kufunika kichwa ilikuwa heshima ya waungwana. Mwezi wa Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa katika Unguja na Pemba, ingawa masuria hawakuingia katika amri hiyo mpaka mwaka 1909. Watu waliopata uhuru wao hawakupata pamoja nao shamba wala nyumba. Lakini mwanamke aliyefanya kibarua, akadunduliza akanunua doti ya kanga, aliweza kujifunga moja na kujitanda ya pili, akapita njiani akiwa amefunika kichwa chake. Hapo nguo ilisema jambo ambalo hati ya serikali ilikawia kulisema. Aliyechora pindo la kanga ile, awe alijua au hakujua, alikuwa akifanya kazi katika jambo zito kuliko urembo. Methali yasema kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Wanawake wale walitaka nguo ambayo kwa kila hali ni yao.

Sasa tuitazame njia ya kazi yenyewe. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 kanga nyingi zilichapwa mbali, na miongoni mwa viwanda vilivyozichapa ni kile cha P. F. van Vlissingen katika mji wa Helmond, Uholanzi, kilichoanzishwa mwaka 1846. Mvaaji alikuwa Unguja, mchapaji Ulaya, na kati yao bahari nzima. Kiungo kilikuwa mfanya biashara mwenye duka na mwagizaji wake. Muuzaji alisikiliza kinachoulizwa dukani: rangi gani inatakwa, nakshi gani imechosha, pindo gani linasifiwa harusini. Habari hizo, pamoja na michoro na vipande vya mfano, zilisafiri kwa merikebu hadi kwa wachoraji na wachapaji. Shehena ilipofika miezi kadhaa baadaye, hukumu ilitolewa upesi sana. Kizuri kilijiuza, na kibaya hakikuwa na wa kukitembeza. Mchoraji wa Ulaya aliyepuuza habari za dukani aliweza kuchora ua zuri kuliko maua yote ya bustani yake, na bado akamtia hasara aliyeliagiza.

Mjini Mombasa twamkuta Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" ingali yajulikana. Yeye ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa wa kwanza kutia maneno katika leso. Maneno hayo hapo mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha yakaja kuandikwa kwa herufi za Kirumi. Mfanya biashara wa namna hii hakuwa fundi wa kushona wala mchoraji aliyesomea uchoraji. Hata hivyo alikuwa na sehemu kubwa ya ujuzi ambao leo twauita ubunifu wa mavazi, kwa kuwa alikaa mahali ambapo sauti ya mvaaji husikika.

Yatupasa pia kuutazama ufundi ulio ndani ya kanga, maana wengi huiona kuwa kitambaa cha pembe nne tu. Kanga ina urefu wa kadiri ya sentimita 150 na upana wa kadiri ya sentimita 110. Ina sehemu tatu: pindo lizungukalo pande zote, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyo chini ya mji. Mchoraji huichora ikiwa imelala juu ya meza, lakini haitavaliwa ikiwa imelala. Itafungwa kiunoni au kifuani, itatandwa kichwani, itambeba mtoto mgongoni. Kwa hiyo hana budi kujua jina litaangukia sehemu gani ya mwili, na pindo litaonekanaje ncha mbili zikikutana. Nakshi ikiwa nzito upande mmoja, nguo ikifungwa itaonekana kama imekwenda upande. Tena kila rangi huhitaji chapa yake, na kila chapa huongeza gharama. Ndiyo sababu kanga huchapwa kwa rangi chache, na ustadi wa mchoraji hupimwa kwa kuzifanya rangi mbili au tatu zionekane kuwa nyingi. Kisutu, kanga ya harusi, hutosheka na nyekundu, nyeusi na nyeupe, nayo imedumu kuliko mitindo mingi iliyozaliwa baada yake. Mwisho kabisa huja ushahidi wa beseni. Kanga ikifuliwa ikachuja, sifa zake zote huchuja pamoja nayo.

Nasi wasomi wa lugha tuna neno letu hapa. Jina la kanga ni fasihi fupi yenye masharti magumu. Lazima lienee katika nafasi ndogo, lisomeke kwa mbali, na libebe maana zaidi ya moja. Chukua jina mashuhuri lisemalo "Japo sipati tamaa sikati". Ni nini kisichopatikana? Mpenzi, mtoto, mali au haki? Mtungaji hakusema, na kwa kutosema amemwachia mvaaji nafasi ya kusema lake. Mke humpelekea mume ujumbe kwa kujifunga kanga, jirani humjibu jirani, na hakuna awezaye kushtakiwa, kwa kuwa nguo ndiyo iliyosema. Mtungaji mwenye haraka angelifafanua kila kitu, na hapo angelikuwa amelifunga jina lisiweze kutumika na watu wengi. Kubuni vazi, basi, ni pamoja na kujua mahali pa kunyamaza.

Hapo ndipo lilipo swali la jina la mbunifu mwenyewe. Kwa kulinganisha tuutazame mji wa Paris, ambako mwaka 1858 Mwingereza Charles Frederick Worth, pamoja na mshirika wake Otto Bobergh, alifungua nyumba ya mavazi. Worth alishonea utepe wenye jina lake ndani ya nguo, kama mchoraji atiavyo sahihi katika picha. Tangu hapo ulimwengu umezoea kufikiri kuwa mbunifu ni mtu mwenye jina, na mvaaji ni mtu wa kulibeba jina hilo. Kanga ilishika njia nyingine. Yenyewe ina jina, pengine na alama ya mwenye duka, lakini aliyeichora na aliyeitungia maneno hawatajwi. Mvaaji habebi jina la mtu. Hubeba neno alilolichagua yeye.

Njia hiyo ina uzuri wake na ina dhuluma yake. Uzuri ni kuwa vazi limebaki kuwa mali ya watu. Dhuluma ni kuwa mfanya kazi asiye na jina ni rahisi kunyimwa haki yake. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na kanga zikachapwa karibu na wazivaao. Leo zingine huchapwa Tanzania, na nyingi hutoka India. Siku hizi mchoro husafirishwa kwa muda wa kufumba na kufumbua, na waweza kuigwa kabla mwenyewe hajalipwa. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 huilinda michoro pia, lakini sheria haimsaidii mtu asiyeweza kuonyesha kuwa kazi ni yake. Kwa hiyo kijana anayeingia katika kazi hii lazima aweke kumbukumbu: mchoro wa kwanza, tarehe, mapatano na kiwanda, na maneno aliyoyatunga. Hilo si kujikweza. Ni kuhakikisha kuwa mkono uliochora unapata ujira.

Tangu mwaka 2008, Mustafa Hassanali alipoanzisha Swahili Fashion Week mjini Dar es Salaam, wabunifu wetu wamepata jukwaa la kutajwa kwa majina yao. Hilo ni jambo la kufurahiwa. Lakini jukwaa huangazwa kwa taa na hutazamwa kwa saa moja, ilhali vazi huvaliwa juani, hufuliwa, hukunjwa, hurithiwa. Kijana apendaye kuitwa mbunifu wa mavazi ajifunze kuchora na kushona, maana bila ufundi hakuna kazi. Kisha aende mahali nguo zinapohukumiwa. Aketi dukani asikilize kinachoulizwa na kinachorudishwa. Ahudhurie harusi na matanga, aone nani kavaa nini na kwa sababu gani. Aifue nguo yake mwenyewe mara kumi kabla ya kuiuza. Na mama mmoja akiishika, akaitazama, akairudisha mahali pake bila ya kusema neno, asikasirike. Amfuate kwa adabu, amwulize.