Tovuti ilikuwa ya bure, kuonekana je?

Wasee, turudi nyuma kidogo. 2009 kebo za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, intaneti ikaanza kushuka bei. 2011 Google na wenzake, Safaricom wakiwemo, wakaanza kuwapa wafanyabiashara wadogo wa Kenya tovuti za bure. Tamu, ama?

Shida ni kwamba kila mtu akiwa na tovuti, nani ataonekana kwanza? Hapo ndipo SEO ilipata soko: unalipa mtu aipange tovuti yako ndio Google iipandishe juu.

Mjomba wangu huuza asali hapa Kibwezi. Alitoa 30,000 kwa jamaa aliyemwahidi namba moja. Miezi mitatu, kimya. Kumbe Google haiuzi nafasi kwa matokeo ya kawaida. Inauza matangazo, tangu 2000. Na yenyewe inasema hakuna mtu anaweza kukuhakikishia namba moja.

Saa hii mjomba yuko kwa ramani ya Google, bure, na picha na namba ya simu. Wasafiri wa Mombasa Road wanampigia.

Kwa hivyo usiulize "nitakuwa namba ngapi?" Uliza, "utafanya kazi gani, na kwa miezi mingapi?" Akibabaika, weka pesa yako mfukoni.