Tochi ya Kwanza: Mwendo, Faini na Malezi ya Dereva Kijana katika Njia Panda ya Uyole

Uyole ni njia panda iliyo upande wa mashariki wa Jiji la Mbeya. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Morogoro, Iringa, Mafinga, Makambako na Igawa, ikifika Uyole hugawanyika. Tawi moja hushuka Tukuyu na Kyela hadi Kasumulu, mpakani mwa Malawi. Jingine hupita katikati ya Mbeya na kuishia Tunduma, mpakani mwa Zambia. Malori ya masafa marefu, mabasi, daladala, bajaji na bodaboda hugombania nafasi ileile na watu waendao sokoni kwa miguu. Kijana wa Mbeya aliyepata leseni juzi hukutana hapa, au katika vijiji vya njiani, na kifaa ambacho madereva wa Tanzania wamekipa jina la tochi: kipima mwendo anachokishika askari wa usalama barabarani. Kupigwa tochi kwa mara ya kwanza ni tukio dogo katika maisha ya dereva, lakini lina historia ndefu nyuma yake: historia ya barabara yenyewe, na ya namna jamii ilivyomlea kijana anayeshika usukani.

Magari yaliingia Tanganyika wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwaka 1907 ofisa wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akakata bara hadi Swakopmund, pwani ya Atlantiki, alikofika mwaka 1909. Safari hiyo ilichukua karibu miaka miwili, na inaonyesha vizuri hali ya njia za wakati huo. Katika Nyanda za Juu Kusini, magari yalianza kuonekana kwa wingi baada ya dhahabu ya Lupa kugunduliwa katika miaka ya 1920. Mji wa Mbeya ulikua kutokana na biashara hiyo, na barabara ya kwenda Chunya ikapandishwa juu ya milima, mahali penye ukungu na baridi kali. Kwa miaka mingi hapakuwa na haja kubwa ya askari wa kupima mwendo. Tope la masika, makorongo na miinuko vilimpimia kila dereva mwendo wake.

Udereva wa zama hizo ulikuwa ufundi, na ufundi ulirithishwa kwa kufuatana na fundi. Kijana alianza akiwa utingo, ambaye wengine walimwita taniboi. Alizungusha hendeli ya kuwashia injini, alipakia na kushusha mizigo, alibadilisha magurudumu, na gari liliposhindwa na mlima aliruka chini na kuweka gogo nyuma ya tairi ili lisirudi. Alilala chini ya lori na kula pamoja na dereva. Usukani alipewa kidogo kidogo, kwanza ndani ya yadi, kisha mahali tambarare, na mwisho kabisa kwenye mteremko. Mwendo ulikuwa sehemu ya mafunzo hayo: mlima hushukwa kwa gia ileile ambayo ungepandwa nayo. Utingo aliyekimbiza gari alikemewa na mkubwa wake palepale, na aliyerudia alirudishwa kwenye gogo lake.

Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru wake, na njia ya Zambia ya kupitishia mafuta na bidhaa kuelekea kusini ikawa mashakani. Sehemu kubwa ya mzigo ikaelekezwa Dar es Salaam. Mwaka 1966 Tanzania na Zambia zilianzisha kampuni ya pamoja ya malori, na magari ya Fiat yenye matela yakaanza kupita Iringa na Uyole usiku na mchana. Barabara ilikuwa bado ya udongo. Malori yalizama katika tope, yalipinduka, yalitumbukia mabondeni. Wageni wakaiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968 liliondoa sehemu ya mzigo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ikaondoa sehemu nyingine. Wakati huohuo barabara ilikuwa ikiwekwa lami kipande kwa kipande.

Lami ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Safari iliyokuwa ya siku nyingi ikawa ya siku moja, na dereva ambaye zamani alizuiwa na tope sasa hakuwa na cha kumzuia ila akili yake. Ndipo sheria ikalazimika kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na ardhi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo ndiyo msingi wa usimamizi wa barabara za Tanzania hadi leo, iliweka mambo mawili yanayomhusu dereva kijana moja kwa moja. Kwanza ni umri: haruhusiwi kuendesha gari mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na anayejifunza sharti awe na leseni ya kujifunzia, ambayo wengi huiita lena. Pili ni mwendo: mwisho ni kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa mabasi na magari makubwa nje ya makazi hayo.

Adhabu ya mwendo haikuanzia Afrika Mashariki. Januari 28, 1896, Mwingereza Walter Arnold alipita na gari lake katika kijiji cha Paddock Wood, mkoa wa Kent, kwa mwendo wa takriban maili 8 kwa saa mahali palipowekwa mwisho wa maili 2. Askari alimfukuza kwa baiskeli hadi akamkamata, na mahakama ikamtoza shilingi moja kwa kosa hilo. Tangu hapo nchi zote zenye magari zimejikuta na swali lilelile: je, faini inamfundisha dereva, au inampunguzia fedha tu?

Nchini Tanzania swali hilo lilipata uzito mkubwa Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki katika ajali ya gari eneo la Wami-Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Katika miaka ya 1990, baada ya biashara ya usafiri kufunguliwa kwa watu binafsi na mabasi kuanza kushindana kuwahi abiria, serikali iliamuru mabasi yafungwe vidhibiti mwendo na ikapiga marufuku safari za usiku. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 2023. Katika muda huo mamlaka ya usafirishaji iliongeza mfumo wa kufuatilia mabasi kwa mbali, unaoonyesha mahali basi lilipo na mwendo wake.

Kwa dereva wa gari dogo, chombo kilichobaki ni tochi. Askari husimama karibu na kibao cha 50, mara nyingi mahali kijiji kinapoanza au kinapoishia, kwa sababu hapo ndipo dereva hukawia kupunguza mwendo au huwahi kuuongeza. Kifaa husoma mwendo wa gari likiwa bado mbali, na vifaa vya kisasa hupiga pia picha yenye namba ya gari. Madereva nao wamejenga desturi ya kuwashiana taa ili kuonyana kuwa mbele kuna askari. Desturi hiyo huonekana kama wema, lakini humfundisha kijana kumwogopa mwenye tochi badala ya kumjali mtoto anayevuka barabara.

Karatasi anayoandikiwa dereva, maarufu kwa jina la notifikesheni, ni taarifa ya kosa. Sheria humpa njia mbili: akiri na kulipa faini iliyopangwa, au akatae na kupelekwa mahakamani kujitetea. Faini ya kosa moja kwa gari ni shilingi 30,000. Zamani fedha ilipokewa barabarani kwa stakabadhi ya karatasi. Siku hizi kosa huingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa Jeshi la Polisi, na mwenye deni hulipa kwa namba maalumu kupitia benki au simu. Deni hufuata namba ya gari na leseni, na kuchelewa kulilipa huliongeza. Hivyo mzazi aliyemwazima kijana gari anaweza kuliona kosa kwenye mfumo hata kama kijana amenyamaza.

Upande mwingine wa historia hii uko kwenye pikipiki. Tangu miaka ya 2000, pikipiki za bei nafuu kutoka China na India ziliwafungulia maelfu ya vijana kazi ya bodaboda, na mwaka 2010 zikawekewa kanuni za kubeba abiria. Kijana wa bodaboda hakupitia gogo la utingo. Wengi walifundishwa na rafiki kwa siku chache kwenye uwanja wa mpira, wakaingia barabara kuu siku iliyofuata. Mnyororo wa zamani wa fundi na mwanagenzi ulikatika hapo, na shule za udereva pamoja na vyuo vya ufundi vya VETA havikuweza kuziba pengo lote.

Hasara ya kukatika huko inaonekana katika milima inayoizunguka Uyole. Upande wa Iringa kuna Mlima Nyoka na mteremko wa Inyala. Upande wa Tukuyu kuna Igawilo. Ng'ambo ya mji kuna Iwambi na Mbalizi. Julai 2018, lori lililoshindwa kusimama katika mteremko wa Igawilo liligonga magari mengine, na takriban watu 20 walifariki. Agosti 2022 ajali nyingine kubwa ilitokea Inyala. Sababu za kimaumbile zinafahamika: mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati inayopaswa kuzuiwa na breki huongezeka mara nne. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto na kupoteza uwezo, hasa kwa dereva anayeachia gari nyutro ili kuokoa mafuta. Hayo ndiyo utingo wa zamani aliyoyajua kabla hajakabidhiwa usukani.

Kwa hiyo namna familia inavyoipokea notifikesheni ya kwanza ina maana kubwa kuliko shilingi 30,000. Kwenye magari ya biashara desturi ni kwamba faini hutoka mfukoni mwa dereva. Tajiri mwenye gari hudai hesabu yake kamili. Majumbani, mzazi mara nyingi hulipa kimyakimya, au humtafuta mtu wa kuzungumza na askari ili jambo liishe. Njia zote mbili za nyumbani humwachia kijana funzo baya: kwamba mwendo una bei na kuna mwingine wa kuilipa. Uingereza, tangu Juni 1997, dereva mpya anayefikisha pointi 6 za makosa ndani ya miaka 2 ya mwanzo hunyang'anywa leseni na kurudia mitihani yote. Huo kwa hakika ni mfano wa gogo la utingo katika vazi la sheria: aliyekimbilia usukani kabla ya wakati hurudishwa nyuma kujifunza upya.

Mzazi wa Uyole hahitaji kusubiri sheria ya namna hiyo. Kijana akiri kosa lake, alipe kwa fedha yake hata kama ni kidogo kidogo, arudishe funguo kwa muda, kisha apande tena gari akiwa na mkubwa kando yake, ashuke Mlima Nyoka kwa gia ndogo na kupita kila kijiji kwa 50 hata pasipo na askari. Barabara kuu inayopita hapa, kuanzia Nsalaga hadi Ifisi, inapanuliwa kuwa ya njia nne, na njia pana huvuta mguu kwenye mafuta. Tope halitarudi kuwazuia vijana wetu. Wakubwa waliomo majumbani ndio waliobaki kuifanya kazi hiyo.