Njia za kisheria kwa wakazi wanaodhuriwa na sumu za viwanda

WENGI wanaoishi jirani na viwanda hudhani kwamba sharti mtu augue kwanza ndipo kesi yake isikizwe. Sivyo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 hakimlazimu mlalamishi kuthibitisha kuwa kuna aliyedhurika.

Anayepinga leseni iliyotolewa na mamlaka ya mazingira, Nema, ana siku 60 za kukata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira. Siku hizo hupita upesi. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, afisi ya umma ina siku 21 kujibu ombi la stakabadhi; ombi liandikwe, na nakala iliyopigwa muhuri ihifadhiwe.

Hata hivyo, anayedai fidia hana budi kuwa na ushahidi wa madhara. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliochafuliwa kwa madini ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofungwa 2014, vipimo vya damu na udongo ndivyo vilivyoibeba kesi. Nema yenyewe ilikuwa miongoni mwa walioshtakiwa wakapatikana na lawama.

Kesi hiyo ilianza 2016. Mnamo Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ilitengua fidia hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.