Tairi Pana kwenye Gari Lililoshushwa: Volkswagen Golf GTI nchini Ujerumani Magharibi, 1976 hadi Mwanzo wa Miaka ya 1990

Mnamo mwaka 1976, kiwanda cha Volkswagen mjini Wolfsburg kilianza kuuza Golf GTI, gari dogo lenye injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi 110. Mpango wa awali ulikuwa kutengeneza magari 5,000 tu. Toleo la kwanza lilipokoma, yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 460,000. Historia ya gari hili imezoeleka kusimuliwa kwa upande wa injini na mauzo. Makala haya yanaitazama sehemu iliyo karibu zaidi na ardhi, yaani rimu za inchi 13 na matairi ya 175/70 ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, ambayo wengi wa wamiliki wake waliyavua mapema iwezekanavyo. Hoja inayotetewa ni kwamba badiliko lililochukuliwa kuwa la urembo liligusa uamuzi wa kihandisi uliohusu uhai wa dereva, na kwamba waliobadilisha hawakuwa na njia ya kuliona jambo hilo kwa macho.

Tairi pana lenye ukuta mfupi lilitokea kwenye mashindano. Tairi la radiali, ambalo Michelin iliandikisha hataza yake mwaka 1946, lilikuwa limekwisha kuonesha kwamba mikanda ya chuma chini ya kashata huufanya uso wa tairi utulie barabarani. Kilichobaki kilikuwa kuufupisha ukuta bila tairi kuvimba kwa mwendo wa kasi. Pirelli ilifanikiwa katikati ya miaka ya 1970 kwa tairi lake la P7, ambalo juu ya mikanda ya chuma lilizungushiwa nyuzi za nailoni zisizo na pembe. Lilihusishwa kwanza na Lancia Stratos katika mbio za magari, kisha likafika barabarani chini ya Porsche 911 Turbo: 205/50 mbele na 225/50 nyuma. Kijana wa Dortmund au Stuttgart hakuwa na fedha za kununua Porsche. Alichoweza kununua, kwa kuweka akiba ya miezi kadhaa, kilikuwa ni rimu nne.

Soko la rimu hizo lilikuwapo tayari. Kampuni ya BBS, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Heinrich Baumgartner na Klaus Brand katika mji wa Schiltach, ilitokana na shughuli za mashindano, na rimu yake ya RS ya mwaka 1983, yenye vipande vitatu na sura ya wavu, ikawa alama ya kipindi kizima.

Hesabu iliyowawezesha wamiliki wa Golf kuhama kutoka inchi 13 hadi 15 ni nyepesi, na inastahili kuelezwa kwa kuwa ndiyo iliyolipa badiliko hili sura ya kitaalamu. Tairi la 175/70 lina ukuta wa asilimia 70 ya upana wake, yaani milimita 122.5. Zikihesabiwa kuta mbili pamoja na rimu ya inchi 13, kipenyo chote ni takriban milimita 575. Tairi la 195/50 juu ya rimu ya inchi 15 lina ukuta wa milimita 97.5, na kipenyo chake ni milimita 576. Tofauti ni milimita 1. Kipima mwendo hakikudanganywa, uwiano wa gia haukubadilika, na tairi jipya halikuwa refu kuliko lile la zamani. Kwa hesabu hiyo peke yake, gari lilipaswa kulipokea tairi pana bila malalamiko yoyote.

Tatizo lilikuwa la upande. Rimu ya kiwandani ilikuwa na upana wa inchi 5.5, rimu iliyopendwa kwa tairi la 195 ilikuwa ya inchi 7. Ongezeko hilo la milimita 38 lilipaswa kupata mahali. Likigawanywa sawasawa, milimita 19 huenda nje na milimita 19 huenda ndani, na upande wa ndani wa gurudumu la mbele la Golf umekaa shokamzoba pamoja na kikalio cha springi yake. Nafasi hapo ni finyu mno. Hivyo, watengenezaji wa rimu walipunguza ule umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaogusa habu, ambao Wajerumani huuandika kwa herufi ET. Kila milimita iliyopunguzwa hapo ililisogeza gurudumu zima nje kwa milimita moja. ET ikipungua kwa milimita 10, rimu ya inchi 7 huingia ndani kwa milimita 9 tu zaidi ya ile ya zamani, lakini hutoka nje kwa 29, ikielekea moja kwa moja kwenye ukingo wa madigadi.

Ni katika hatua hii ambapo simulizi nyingi huishia kwenye madigadi: jinsi ukingo wake ulivyopashwa moto na kukunjwa kwa ndani, jinsi rangi ilivyopasuka, jinsi kutu ilivyofuata. Hayo yalikuwa madhara ya kweli, lakini yalikuwa madogo. Jambo zito lilikuwa limefichika.

Volkswagen na Audi, kuanzia Audi 80 ya mwaka 1972, zilikuwa zimeanza kutumia breki zenye mizunguko miwili iliyopishana: gurudumu la mbele la kushoto liliunganishwa na la nyuma la kulia, na kinyume chake. Mzunguko mmoja ukikatika, gari hubaki na breki moja tu mbele, nayo huuvuta usukani kwa nguvu upande huo. Ili kulizuia hilo, wahandisi waliupanga mhimili wa usukani, yaani mstari unaopita juu ya shokamzoba na kwenye kiungo cha chini, ugonge ardhi nje kidogo ya katikati ya tairi. Kwa mpangilio huo, breki ya upande mmoja inapokamata, gurudumu lenyewe hujigeuza kidogo kinyume cha mvuto na gari hubaki karibu na njia yake. Golf ililirithi wazo hilo. Lilikuwa suluhisho la kifahari, na huenda ndiyo sababu halikuonekana: halikuwa kifaa ambacho mtu angeweza kukishika mkononi, bali lilikuwa umbali tu kati ya nukta mbili.

Upana wa tairi peke yake hauubadilishi umbali huo, maana katikati ya tairi hubaki palepale. Unaobadilika ni pale ET inapopunguzwa, au spesa inapowekwa nyuma ya rimu. Tairi likisogezwa nje vya kutosha, nukta ya ardhini hujikuta ndani ya katikati yake, na ule msaada wa dharura hugeuka kuwa nguvu inayouongeza mvuto. Dereva hangelijua hilo katika siku ya kawaida, kwa kuwa breki zote nne zilikuwa zikifanya kazi.

Kushusha gari kuliongeza ugumu mwingine. Springi fupi hazibadilishi mwisho wa safari ya gurudumu; raba ya kuzuia hubaki mahali pake. Kinachobadilika ni kwamba gurudumu sasa linaanzia karibu na mwisho huo, na hivyo hufika huko mara nyingi zaidi. Tairi ambalo zamani lingeingia ndani kabisa ya madigadi mara moja kwa mwaka, gari likiwa limebeba abiria watano na kukutana na shimo, sasa liliingia kila wiki. Aidha, mikono ya chini ya mbele iliinama kuelekea juu, na kitovu cha mlalo wa gari kikashuka kuliko uzito wake ulivyoshuka, kiasi kwamba gari lililoshushwa bila springi ngumu lingelala zaidi kwenye kona. Fundi mwangalifu alilijua hili na akachagua springi na shokamzoba kwa pamoja. Asiye mwangalifu alikata mizunguko ya springi za kiwandani kwa msumeno.

Aliyesimama kati ya mmiliki na barabara alikuwa mkaguzi wa TÜV. Vyama hivi vina asili ya ajabu kidogo: chimbuko lake ni ukaguzi wa matangi ya mvuke, na cha kwanza kiliundwa mjini Mannheim mwaka 1866 baada ya tangi la kiwanda cha bia kulipuka. Kwa mujibu wa kifungu cha 19 cha kanuni za magari, StVZO, kibali cha gari kingeweza kupotea kwa badiliko lililoweza kuhatarisha watumiaji wa barabara. Rimu na springi mpya zilihitaji hati, na mara nyingi ukaguzi na kuandikwa katika kadi ya gari. Mkaguzi aligeuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha akapandisha magurudumu mawili ya mshazari juu ya vitalu ili aone kama tairi linagusa chuma. Wamiliki wengi walimwona kuwa adui wa starehe. Hata hivyo, yeye ndiye mtu pekee katika mlolongo huu ambaye hakuwa na rimu ya kuuza wala gari la kujivunia.

Kiwanda chenyewe hakikubaki nyuma. Mwaka 1983 kilitoa GTI iliyopewa jina la Pirelli, yenye rimu za inchi 14 na matairi ya 185/60. Mwaka 1982 wamiliki walikuwa wamekutana kwa mara ya kwanza huko Reifnitz, kando ya ziwa Wörthersee nchini Austria, na miaka 5 baadaye ilisimamishwa hapo sanamu ya Golf ya mawe yenye uzito wa tani 25. Toleo la tatu lilipokuja na injini ya VR6, Golf ilitoka Wolfsburg ikiwa na matairi ya 205/50 kwenye rimu za inchi 15: mapana kwa milimita 10 kuliko yale ambayo, miaka 10 tu kabla, kijana alikuwa akipanga foleni kumwomba mkaguzi ayaidhinishe. Tofauti ni kwamba safari hii aliyepima umbali kati ya zile nukta mbili alikuwa mhandisi aliyeijua sababu yake.