Tarbushi, Kofia na Chapeo

Kwenye maigizo ya shule zetu, askari wa Mjerumani huvalishwa kofia nyekundu yenye shada. Inapendeza jukwaani, lakini sivyo alivyoivaa vitani. Jeshi lile lilianza mwaka 1889 na watu wa Hermann von Wissmann, wengi wao Wasudani walioandikishwa Misri, nao wakaja na tarbushi, yaani kofia hiyo nyekundu. Vitani ilifunikwa kwa kitambaa cha kaki, mbele ikabandikwa nembo ya tai wa Kaisari, na nyuma kikaning'inia kipande cha kukinga kisogo na jua. Baadaye Wasukuma na Wanyamwezi waliivaa pia, kwa hiyo hapa Kisesa tunazungumzia vichwa vya babu zetu.

Kipande cha kisogoni pekee hakitoshi kumtambua mtu. Askari wa KAR, kikosi cha Waingereza kilichoundwa mwaka 1902, naye alikuwa nacho kwenye kofia yake fupi ya kaki. Tarbushi nyekundu aliiweka kwa ajili ya gwaride. Anayeigiza kutekwa kwa Mwanza, Julai 1916, amtazame yule tai kwanza.

Neno “kofia” limebeba mizigo mingi mno. Ukimwambia fundi akushonee kofia ya askari, atashona anayoijua. Mtajie tarbushi ya kaki, kisogo na tai, naye hatakosea. Kwenye makumbusho ya Bujora, ngoma za watemi zimehifadhiwa katika jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Waliolijenga walijali hata umbo. Askari naye anastahili kujaliwa hivyo.

Chapeo ndilo neno ninalolipenda kuliko yote. Tulilipata kwa Wareno, ambao kwao ni kofia yoyote, hata ya kitambaa. Kwetu likawa la shaba na chuma: wafasiri wa Biblia walimvika Goliathi chapeo. Litufae basi tunaposimulia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza kati ya Mfalme na Bunge, vilivyoanza mwaka 1642. Filamu humpa mtu wa Bunge chapeo na mtu wa Mfalme kofia pana yenye manyoya, ilhali wapanda farasi wa pande zote mbili walivaa chapeo za namna moja, na askari wengi wa miguu walikuwa na kofia za kawaida tu. “Helmeti” tuwaachie bodaboda. Ile ya wapanda farasi, yenye mabamba yaliyopandana hadi shingoni, mimi naiita chapeo ya magamba.